Tupime na meno ya watoto, si maji tu

Mhariri,

Mwanangu wa kwanza ana meno ya kahawia kama mimi. Mdogo wake, ambaye wamepishana miaka 9, ndiyo kwanza anaota ya mbele, nami kila saa namchekesha ili nichungulie. Ni meupe, yana michirizi miwili mitatu kama ya chaki. Bomba lilifika mtaani kwetu, Maji ya Chai, mwaka aliozaliwa. Kabla ya hapo tulikunywa ya mto.

Ubovu unaoleta rangi ile hauanzi jino likishaota. Madini ya floraidi huliharibu likiwa bado linajengwa ndani ya taya, kwa hiyo jino la mtoto wa darasa la pili linasimulia maji aliyokunywa tangu akiwa mchanga. Ni kumbukumbu ya bure, na hakuna anayeisoma.

Wapimaji wakija hupima maji. Wakikuta hayazidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, jalada linafungwa. Lakini magadi tunayotia kwenye makande nayo yana floraidi, na bomba likikauka kiangazi madumu yanarudi mtoni. Karatasi ya maji haiyajui hayo. Mwili wa mtoto unayajua.

Marekani walipopunguza madini ya risasi kwenye petroli hawakuishia kupima petroli. Walipima damu za watu kuanzia 1976 hadi 1980, wakakuta risasi imeshuka kwa takriban asilimia 37, zaidi ya walivyotarajia.

Sisi hatuhitaji makubwa hayo. Daktari wa meno apite kila mwaka shule zile zile za Arumeru, aangalie darasa la pili, aandike. Kipimo kipo, kinaitwa cha Dean, na hakitaki mashine, ni macho na mwanga tu. Watoto wachache watoe na mkojo, maana huo unaonyesha floraidi ya siku hizi, wakati jino linaonyesha ya zamani. Daftari likae mahali panapojulikana.

Hilo la daftari nalisema kwa uchungu. Nikiwa darasa la saba walikuja watu na kamera, wakatupiga picha meno darasa zima. Mwaka huu nimeuliza ofisi tatu zilikokwenda, nikaishia kuambiwa nirudi Jumatatu. Kama kuna msomaji anazo, azilete. Mimi ni yule wa mstari wa mbele aliyekataa kufungua mdomo.

Mzazi,
Maji ya Chai, Arumeru