Shukrani kwa uliyepeleka uji

Sisi viongozi wa kikundi cha huduma cha parokia, Bukoba, tulipoondoka kwa miguu kwenda kuhiji Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, mioyo yetu ilibaki kwa wazee wagonjwa. Nani angewapelekea uji? Kumbe ulipeleka wewe. Bibi mmoja asiyeona vizuri anasema alikuwa akisikia kengele ya baiskeli alfajiri, kisha uji wa ulezi, wa moto, kwenye chupa ya chai iliyofungwa mfuniko kwa kamba ya mgomba. Hata kucha ulimkata! Pale Namugongo, alipochomwa moto Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi hao, mwaka 1886, tuliwaombea wafadhili wetu kwa majina, lako hatukulijua. Asante sana, ndugu yetu. Mungu akubariki. Chupa yako tumeiosha, iko sakristia.