Breki za tela zifungwe kabla dereva hajaliacha gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na madereva wa malori ya tela, na zaidi na matajiri wao, kuhusu wakati ambao breki za tela zinapaswa kufungwa gari linapoegeshwa. Mimi ni fundi wa magari makubwa katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na ninachokiona kila siku ni dereva kusimama, hata mlimani, akavuta breki ya mkono, akamtuma utingo aweke jiwe nyuma ya tairi, kisha wote wawili wakaenda kula. Jiwe lenyewe, wakiondoka, hubaki katikati ya lami likimsubiri mwenye bodaboda, lakini hilo lina barua yake.

Breki ya mkono ya malori mengi yanayotoka Ulaya hufanya kazi mbili kwa mpigo. Kwenye kichwa, yaani gari la mbele linalovuta tela, huondoa upepo uliomo ndani ya chemba (kopo la breki lililo karibu na tairi) ili springi nene zifunge breki, na springi hizo zikishashika hazihitaji upepo wowote kuendelea kushika. Kwenye tela, hupeleka upepo kupitia mpira wa njano, bomba linalounganisha kichwa na tela, kwa hiyo kinacholizuia tela saa hiyo ni upepo tu. Upepo huvuja. Lori likilala kwenye foleni ya mpakani Tunduma injini ikiwa imezimwa, na tela ni la zamani lisilo na springi, kunaweza kupambazuka mzigo wote umeshikwa na kichwa peke yake. Ni kweli kwamba Kanuni namba 13 ya Umoja wa Mataifa inataka breki ya kuegeshea ya kichwa imudu kulishika gari pamoja na tela lake, vikiwa vimesheheni, kwenye mwinuko wa asilimia 12. Kipimo hicho, hata hivyo, ni cha breki iliyo nzima, na magari tunayoyazungumzia yanaruhusiwa katika Afrika Mashariki kufikia uzito wa tani 56.

Tela lenye springi zake huwa na kitufe chekundu ubavuni, ambacho kikivutwa huzifunga breki za tela bila kutegemea kichwa. Maoni yangu ni kwamba kitufe hicho kivutwe kila mara dereva anapoliacha gari, iwe ni kwa usiku mzima au kwa kikombe cha chai, na tela lisilo na springi liwekewe vigingi imara pande zote mbili za tairi.

Ulazima huo ni mkubwa zaidi wakati wa kukata tela na wakati wa kuliunganisha. Wengi huamini kwamba kuchomoa mpira mwekundu, ule unaojaza upepo kwenye mtungi wa tela, kunatosha, kwa sababu tela hujifunga lenyewe papo hapo. Hujifunga kweli, lakini kwa upepo uliobaki kwenye mtungi wake, na mtungi ukiisha upepo, tela lisilo na springi huwa huru. Hatari kubwa huja wakati wa kuunganisha. Dereva amerudisha kichwa chini ya tela, amesahau kuvuta breki ya mkono, anashuka na kusimama katikati ya kichwa na tela ili achomeke mpira mwekundu. Upepo unaingia, breki za tela zinaachia, na kama uwanja una mteremko kidogo gari zima linaanza kutembea bila mtu kwenye usukani, naye yuko katikati hana pa kukimbilia. Kitufe chekundu kikiwa kimevutwa tangu mwanzo, tela halitembei.

Upo wakati mmoja tu ambapo ningemshauri dereva asubiri. Aliyeteremka mlima Kitonga akiwa na mzigo, akafika chini drumu za breki zikitoa moshi, asizifunge breki hizo palepale, kwa kuwa zikifungwa zikiwa na moto mkali zinaweza kuharibika. Atafute pahali tambarare, aweke vigingi, abaki karibu na gari mpaka zipoe, ndipo afunge.

Yote hayo hayana maana iwapo springi zenyewe zimefungwa bolti. Diaframu ya chemba, yaani mpira wa ndani unaozuia upepo, ikipasuka njiani, fundi huingiza bolti ndefu nyuma ya chemba na kuibana springi ili tairi izunguke na safari iendelee. Kwa kulifikisha gari gereji, hilo ni sawa. Lakini nimeletewa matela yenye bolti zilizoota kutu, ishara kwamba yamefanya kazi muda mrefu bila breki ya kuegeshea, na tajiri anapoambiwa bei ya chemba mpya hujibu kwamba gari linatembea. Dereva wa tela kama hilo hata akivuta kitufe, tairi hizo hazishikwi.

Bolti hiyo huonekana kwa macho, imechomoza nyuma ya chemba, na anayekagua anahitaji kuinama tu chini ya tela. Naziomba mamlaka zinazokagua magari ziifanye kuwa sababu ya kulizuia gari hadi chemba ibadilishwe, na gharama ya kulisubirisha ibebwe na mwenye gari, isikatwe kwenye posho ya dereva.

Fundi wa magari makubwa,
Mafinga, Iringa.