Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Risasi Zetu na Ombi la Kujaza Maganda Nyumbani

Ndugu wanachama,

Habari za uwanja na za fedha mmezisikia kwa katibu na mweka hazina. Mashine ya kurushia visahani vya kulengwa shabaha imetengenezwa, nyasi zimefyekwa, na ada zimekusanywa kwa kusukumana kama kawaida yetu. Mimi nitakaa kwenye jambo lililotugombanisha mwaka mzima, nalo ni risasi.

Mwezi wa tano baadhi yenu mliomba chama kinunue baruti na marisawa (zile punje ndogo za ndani ya risasi), maganda yaliyokwisha kupigwa yajazwe upya nyumbani ili gharama ipungue. Kamati ilikataa kwa barua ya mistari mitatu. Mliudhika, na nakiri barua ile ilikuwa kavu. Leo nimeweka mezani risasi ya maonyesho ya namba 12 iliyopasuliwa katikati, haina baruti wala fataki (kiwashio cha baruti) hai. Anayetaka aje aishike.

Kwanza hiyo 12. Si milimita. Ukiyeyusha ratili moja ya madini ya risasi ukapata mipira 12 iliyo sawa, mmoja wake ndio unaoenea kwenye mtutu, yaani kama milimita 18.5.

Ganda ni plastiki iliyoyeyushwa, ikatolewa kiwandani kama bomba refu, ikavutwa ili iwe ngumu, kisha ikakatwa vipande. Kitako kinachong'aa mara nyingi si shaba tupu, bali ni chuma kilichopakwa shaba. Katikati yake hugandamizwa fataki.

Marisawa ndiyo yaliyonivutia zaidi. Mwaka 1782 William Watts wa Bristol, Uingereza, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kumwaga madini ya risasi yaliyoyeyuka kupitia chujio kutoka juu sana. Tone likiwa hewani hujivuta lenyewe kuwa duara, na likifika chini hupokewa na maji. Ndiyo maana miji ikajengewa minara. Ule wa Baltimore, Marekani, wa mwaka 1828, bado umesimama. Huchanganywa aseniki kidogo ili tone liviringike vizuri, na antimoni ili liwe gumu. Viwanda vingi vya leo havihitaji mnara: tone huanguka kidogo tu na kuingia kwenye maji ya moto. Kisha punje huviringishwa juu ya vioo vilivyoinamishwa. Iliyo duara hupata kasi ikaruka mwanya, isiyo duara hutumbukia na kurudishwa chunguni. Ni kupeta mchele, ila ungo ni kioo.

Mwisho mashine hupanga baruti, kizibo cha kuitenga na marisawa, kisha marisawa yenyewe, na kukunja mdomo wa ganda mikunjo sita au minane. Hapo ndipo wengi wenu mnapoona kazi ni rahisi. Lakini kiwanda hakiishii hapo. Kutoka kila toleo, yaani fungu lililotengenezwa pamoja, huchukuliwa risasi kadhaa na kupigwa kwenye mtutu wa majaribio unaopima mgandamizo. Kwa risasi ya kawaida ya namba 12, kikomo cha CIP, chombo cha kimataifa cha upimaji wa silaha chenye makao Ulaya, ni baa 740. Baruti ya aina nyingine, kizibo kingine au fataki nyingine, hata uzito ukiwa uleule, huweza kupandisha mgandamizo huo, na jicho halioni. Nani kati yetu ana mtutu wa kupimia? Tena Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015 haikuufanya utengenezaji wa risasi kuwa kazi ya uani. Kwa hiyo msimamo ni uleule, ila sasa mnajua sababu.

Lawama moja naikubali. Msimu huu tulinunua kwa mafungu kutoka kwa wauzaji tofauti, na shabaha za wengi ziliyumba. Mwakani tutanunua mara moja, toleo moja, marisawa gramu 24 kwa kila risasi, punje zisizozidi milimita 2.6, kama kanuni za mashindano ya kimataifa zinavyotaka.

Mjiandae pia na marisawa ya chuma. Umoja wa Ulaya ulizuia marisawa ya madini ya risasi kwenye ardhi oevu tangu Februari 2023, kwa kuwa ndege huyameza na kufa kwa sumu. Chuma ni chepesi kuliko risasi, hivyo punje zake huwa kubwa kidogo, na mitutu ya zamani huenda isikifae. Wenye bunduki za urithi mwoneni fundi kabla ya kuagiza. (Sijui basi tutaziitaje, maana risasi isiyo na risasi ndani ni mtihani wa Kiswahili.)

Mwezi wa nane msimamizi wa uwanja aliokota risasi ya njano ndani ya mfuko wa mwanachama mwenye bunduki ya 12. Njano ni rangi ya namba 20. Ikitumbukizwa kwenye 12 huteleza na kukwama ndani ya mtutu, na ukipakia nyingine nyuma yake ukafyatua, mtutu hupasuka. Jina sitalitaja, mwenyewe anajijua. Kuanzia sasa mifuko itakaguliwa getini, wa kwanza ukiwa wangu.

Oda zinafungwa mwisho wa Januari, na fedha zipelekwe kwa mweka hazina, si kwangu.