Kipuri kilichoondolewa kwa agizo la usalama kikatwe

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nimjibu msomaji mwenzetu wa Kamalondo, ambaye katika toleo lenu lililopita alilalamikia maagizo ya serikali za Ulaya na Marekani yanayowalazimisha wenye gilaida za injini, yaani zile ndege za mabawa marefu ambazo sisi tuliosoma kwa Kifaransa twaziita planeri, kung'oa kipuri ambacho bado kinafanya kazi na kununua kipya. Alisema kwamba hiyo ni biashara iliyovishwa joho la usalama, kwamba ndege ya namna hiyo hata injini ikizimika huelea na kutua kama korongo, na kwamba sisi wa Lubumbashi, ambao kipuri kimoja hutuchukua mwezi mzima kukipata, hatuna haja ya kujifunga kwa sheria zilizoandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi jirani na kiwanda. Nimetengeneza injini ndogo za ndege tangu mwaka 1988 hadi nilipostaafu, miaka mingi zaidi nikiwa hapa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, na sehemu ya malalamiko yake naiunga mkono. Uamuzi wake wa mwisho naukataa, na kinachonifanya niukatae ni kosa nililolitenda kwa mikono yangu mwenyewe.

Nichukue agizo moja ninalolifahamu vizuri. Injini za Rotax za aina ya 912, zinazotengenezwa Austria, hufungwa katika gilaida za injini kama vile Super Dimona ya hukohuko Austria na Super Ximango ya Brazil, na pia katika ndege nyepesi za viti viwili zinazotumika mashambani na katika hifadhi za wanyama kusini mwa Afrika. Injini hiyo ina silinda nne na kabureta mbili, yaani vifaa vya kuchanganya mafuta na hewa, kila kabureta ikilisha silinda mbili. Ndani ya bakuli la kila kabureta mna maboya mawili madogo, mepesi sana, ambayo hupanda mafuta yanapojaa na kusukuma kijiti kinachofunga sindano ya kuingizia mafuta, kisha hushuka na kuifungua tena. Mwaka 2017 mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya, EASA, iliagiza kwamba maboya ya matoleo fulani yaondolewe, kwa sababu kasoro ya utengenezaji ilifanya ngozi yake ya nje iweze kubanduka injini inapofanya kazi, na vipande vilivyobanduka vingeweza kuziba jigleri, yaani vitundu vyembamba vinavyopima mafuta, hadi silinda zikakosa mafuta na injini ikazimika angani.

Ndugu yetu anauliza kwa nini kitupwe kitu ambacho bado hakijaharibika. Swali hilo lina maana kwa kipuri kinachochakaa polepole na kuonyesha dalili, mfano wa breki za basi ambazo hulia wiki nzima kabla ya kufa. Boya lenye kasoro hiyo halilii. Siku unapolitazama ni zima, na siku linapobanduka wewe uko juu ya miti. Fundi aliyefungua kabureta hapa Luano hawezi kujua kwa macho kwamba boya hili lilitoka katika kundi lililoharibika kiwandani, kwa kuwa hakuona injini mia tatu zikifunguliwa; ameona tatu. Ni yule anayekusanya taarifa kutoka nchi nyingi ndiye anayeona kwamba tukio la hapa na tukio la kule ni ugonjwa mmoja.

Ndiyo maana utaratibu wa kimataifa umepangwa jinsi ulivyopangwa. Chini ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika Kiambatisho chake cha 8, nchi ilikobuniwa ndege au injini ina wajibu wa kuzitumia nchi nyingine taarifa za lazima kuhusu kasoro iliyogunduliwa, na nchi ilikosajiliwa ndege ina wajibu wa kuipokea taarifa hiyo na kuifanya agizo lake, au kuipima na kuchukua hatua inayofaa. Waraka wa kiwanda peke yake, hata uandikwe kwa wino mwekundu, kwa kawaida ni ushauri. Unakuwa sheria pale mamlaka ya serikali inapoutolea agizo. Marekani nayo ilitoa agizo lake kwa injini hizohizo. Kwa hiyo ndege yenye alama 9Q ubavuni, yaani iliyosajiliwa Kongo, haiwezi kusema kwamba agizo la Ulaya haliihusu kwa vile Ulaya iko mbali, maana injini yake ilizaliwa hukohuko.

Kuhusu kutua kama korongo, nakubali kwamba gilaida ya injini ikiwa juu vya kutosha haina hofu kubwa. Kwa kila mita moja inayoshuka inaweza kusonga mbele mita 25 au zaidi, na rubani wake mara nyingi huizima injini kwa hiari ili aelee. Lakini ajali ya injini haichagui kutokea juu. Inaweza kutokea pale injini inapofanyishwa kazi kwa nguvu zote, yaani wakati wa kuruka, ndege ikiwa mita 60 kutoka ardhini, ambapo hesabu ya kitabuni inampa rubani kilomita moja na nusu ya kwenda mbele, na akijaribu kugeuka arudi uwanjani sehemu kubwa ya hiyo inaliwa na kona. Hapa kwetu mambo ni mazito zaidi. Luano iko kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi, ambako hewa ni nyepesi na injini isiyo na tabo, yaani pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ongeza joto la mwezi wa kumi kabla ya mvua, na ndege hupanda kwa shida hata kabureta zake zote mbili zikiwa nzima. Na chini kuna nini? Kuna miombo na kuna vichuguu. Yeyote aliyewahi kusafiri kwenda Kipushi au Kasumbalesa amevitazama vichuguu vyetu, vingine virefu kuliko nyumba, vimesimama kila baada ya hatua chache. Sijui korongo gani angetua hapo kwa raha.

Tena injini ya gilaida inahitaji uangalizi zaidi, si pungufu. Huwashwa ikapasha, huzimwa juu kwenye baridi, kisha huwashwa tena, na kwa mwaka mzima huenda isifikishe saa hamsini za kazi. Mwenye ndege hujivunia kwamba injini ni mpya kwa kuwa kitabu chake kinaonyesha saa chache, lakini mipira ya mafuta na ya maji, yaani mabomba laini yanayoyapitisha, haizeeki kwa saa; inazeeka kwa miaka. Kiwanda cha Rotax kimeweka miaka mitano kwa mipira hiyo, ndege iruke au isiruke. Nimewahi kuushika mpira wa mafuta wa ndege iliyolala ghalani na ukavunjika mkononi kama bisikuti, na mwenyewe akaniapia kwamba haujatumika hata mwezi.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mwaka 2019 nilikuwa nikihudumia ndege ndogo ya mkulima mmoja upande wa barabara ya Kipushi, yenye injini ya aina hiyohiyo ya 912. Ilianza kutetemeka ikiwa kwenye mzunguko mdogo na kunuka mafuta. Nilifungua bakuli la kabureta ya kushoto nikakuta maboya yamelowa na kuzama. Kitabu cha kiwanda kinasema maboya mawili ya kabureta moja yasizidi gramu 7 kwa pamoja. Mizani ya kupima gramu sikuwa nayo, nikayapeleka kwa sonara mjini, akanipimia huku akinicheka, na yakazidi. Hadi hapo nilifanya kazi yangu sawasawa. Lakini mapiesi, yaani vipuri, mapya yalikuwa hayajafika, mkulima alikuwa na haraka, nami nilikuwa na kisanduku cha vipuri vya okazioni, yaani vilivyokwisha kutumika, ambacho fundi mwenzangu wa Zambia alinipa alipofunga karakana yake. Ndani yake mlikuwa na maboya mawili masafi, makavu, yenye uzito uliofaa. Nikayafunga, nikaijaribu injini, ikanguruma vizuri, nikaandika katika kitabu cha ndege kwamba nimebadilisha maboya. Sikuandika yametoka wapi, kwa kuwa sikujua.

Miezi michache baadaye, katika ukaguzi wa kawaida, nilikuta chini ya bakuli chembechembe nyeusi kama majani ya chai. Nilipompigia simu yule mwenzangu wa Zambia akanyamaza kidogo, kisha akasema maboya yale aliyatoa katika ndege ya mteja kwa kufuata lile agizo la mwaka 2017. Aliyatoa kama alivyoamriwa, akaweka mapya, akatia sahihi, na yale ya zamani akayatupia kwenye kisanduku kwa sababu, maneno yake mwenyewe, yalionekana bado mazuri. Ndege moja ilipona na nyingine ikapewa ugonjwa. Wote wawili tulikuwa na vitabu vilivyojazwa, na mkaguzi yeyote angetupongeza.

Hapa ndipo ninapotofautiana hata na wale wanaotetea maagizo haya. Watu hudhani agizo linatimizwa siku kipuri kipya kinapofungwa. Maagizo mengi ya namna hii yana kifungu cha pili kinachokataza kipuri kilichotajwa kufungwa tena katika injini yoyote, na kifungu hicho ndicho kisichosomwa, hasa katika mji kama wetu ambako hakuna kitu kinachotupwa na ambako soko la vipuri vilivyotumika linalisha familia nyingi. Sisemi hivyo kwa dharau, kwa kuwa mimi mwenyewe nimesomesha watoto kwa mapiesi ya okazioni ya magari. Lakini gari likizimika linasukumwa kando ya barabara.

Kuhusu biashara, ndugu yetu hakukosea kabisa. Kiwanda huuza kipuri kipya baada ya kuuza kibovu, na anayelipa kazi ya fundi ni mwenye ndege. Hata hivyo Wamarekani wana desturi moja ambayo ningependa tuiige kabla ya kuiga mengine: mamlaka yao ya anga, FAA, inapotaka kulazimisha ubadilishaji wa kipuri na hakuna dharura, hutangaza kwanza pendekezo ili wenye ndege watoe maoni, na katika tangazo hilohilo huandika makadirio ya ndege ngapi zitaguswa, kazi itachukua saa ngapi, na gharama yake ni kiasi gani, ambapo kwa miaka kadhaa saa moja ya fundi ilihesabiwa dola 85. Mwenye gilaida anaweza kubisha kwa hesabu. Vilevile agizo lisilo la dharura hutoa muda, wa saa kadhaa za kuruka au miezi kadhaa, kabla ya ndege kuzuiwa. Sisi hapa tunakosa vyote viwili, kujua mapema na kupewa nafasi, ndiyo maana agizo linapotufikia linafanana na adhabu.

Naomba basi mamlaka yetu ya anga ibandike katika kila uwanja, Luano, Kolwezi, Kalemie na hata vile viwanja vya udongo vyenye ndege mbili, orodha ya maagizo iliyoyapokea kwa injini ndogo za pistoni, kwa lugha ambayo fundi anaisoma bila kamusi. Naomba pia iweke sharti jepesi lisilogharimu hata faranga moja: kipuri kilichoondolewa kwa agizo kikatwe au kipondwe mbele ya mwenye ndege, na wote wawili, fundi na mwenye ndege, watie sahihi kitabuni kwamba kimeharibiwa. Tangu mwaka 2006 mashirika ya ndege yaliyopewa vyeti nchini mwetu yamepigwa marufuku katika anga ya Umoja wa Ulaya kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi, na huwa tunalizungumzia jambo hilo kana kwamba ni la ndege kubwa na la wakubwa wa Kinshasa tu. Usimamizi ninaoujua mimi ulishindwa ndani ya kisanduku cha bati chenye ukubwa wa kitabu.

Maboya yale mawili ninayo bado. Niliyakata kwa msumeno siku ileile niliyokata simu, na nimeyaweka ndani ya chupa pamoja na zile chembechembe. Kama ndugu yetu wa Kamalondo atapenda kuyaona, Katuba si mbali, nami huwa nyumbani kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi.

Fundi mstaafu wa injini za ndege,
Katuba, Lubumbashi