Usiongeze Kidonge, Mama Zuhura

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mama Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullah. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Nimeona nisikujibu kwa sauti, nikuandikie, maana haya utataka kuyarudia, na pengine utayarudia usiku wa manane wakati kichwa hakishiki kitu. Huku hatujambo, watoto wanakwenda shule, mama anakusalimu sana. Tuje kwako.

Umesema pramipeksoli, dawa yako ya huu ugonjwa wetu wa miguu isiyotulia, imekuzoea. Mwanzo ilikupa usingizi wa kweli, ukamshukuru Mungu, na sasa miguu inaanza alasiri ukiwa bado unapika, na wiki hii mikono nayo imo. Umesema ikikaribia magharibi moyo unakwenda mbio. Halafu mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini, ukasema unafikiria kumeza viwili badala ya kimoja. Usifanye hivyo, shoga yangu. Na usikiache hicho kimoja kwa ghafla. Endelea kama ulivyoandikiwa, na wiki hiihii rudi kwa daktari umweleze maneno yaleyale uliyoniambia mimi, hasa hilo la alasiri na hilo la mikono. Hayo mawili ndiyo atakayoyashika.

Nayajua kwa sababu yalinikuta. Pramipeksoli inajifanya dopamini, ile kemikali ambayo ubongo unaitumia kuongoza mwendo wa mwili, na kwa sisi wenye ugonjwa huu mambo yake huharibika jioni na usiku. Ndiyo maana usiku wa kwanza unajiona umepona. Lakini ikitumika muda mrefu, wengi inawageuka. Miguu inaanza mapema zaidi na kwa nguvu zaidi, huwezi kutulia kwenye kiti, kisha inapanda mikononi. Ukiongeza dozi unapata nafuu ya muda, halafu unarudi palepale na pabaya zaidi. Si kwamba umekosea kumeza. Ni tabia ya dawa yenyewe, na inajulikana. Madaktari wa usingizi wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2025, wameshauri dawa za aina hii zisiwe tena za kuanzia kwa watu wengi. Wametanguliza gabapentini na jamii yake, na kuangalia madini ya chuma.

Mimi daktari wa kwanza aliniongezea, na simlaumu, alitaka nilale. Baadaye akaongeza tena. Ikafika mahali siwezi kukaa darsani. Wenzangu wako kwenye mkeka wanamsikiliza ustadhati, mimi nimesimama mlangoni nabadilisha mguu huu na huu. Safari ya kuja Dar nilisimama katikati ya basi, konda ananiambia mama kaa, abiria wananitazama, nami sina maneno ya kuwaeleza. Nitawaambiaje? Haiumi kama kidonda. Kuna kitu kinatambaa ndani ya mifupa ya ugoko, hukikuni, hukifikii, na kinakuamuru uinuke.

Na unajua kazi yangu. Usiku wa kipindi kile nilihamia kwenye ile cherehani ya zamani ya kukanyaga, aliyoniachia bibi. Nikikanyaga, miguu inatulia. Nikisimama kuvisha uzi kwenye sindano, inaanza tena kabla uzi haujapita tunduni. Basi nakanyaga hata bila kitambaa, gurudumu linazunguka bure, watu wamelala, mpaka nasikia adhana ya alfajiri. Madera ya wateja yalikuwa yanakamilika kabla ya siku zake, na mimi mwenyewe nimekonda, macho mekundu, nalia nikiulizwa bei.

Aliyenitoa hapo ni daktari wa mishipa ya fahamu niliyepelekwa baadaye. Hakuniweka kwenye mashine yoyote. Aliuliza tu: Je, unapata hamu ya kuinyanyua miguu? Inakuja ukiwa umetulia? Ukitembea inapoa? Usiku ni mbaya kuliko asubuhi? Nikajibu ndiyo kwa yote, akasema basi, ugonjwa wenyewe ndio huo. Halafu akaniandikia kipimo ambacho nakuomba na wewe ukiulizie: feritini. Hiyo ni akiba ya chuma mwilini. Wengi wetu tunapimwa wingi wa damu peke yake, tukiambiwa damu ipo tunarudi nyumbani. Wingi wangu ulikuwa mzuri, akiba ilikuwa 14. Daktari akaniambia kwa mwenye miguu hii wao wanataka ipite 75, kwa sababu ubongo unahitaji chuma ili utengeneze dopamini, na akiba inaweza kuisha ndani huku damu kwa nje inaonekana salama.

Wewe damu yako ya mwezi inatoka nyingi tangu tukiwa wasichana. Mwambie daktari na hilo, usione haya. Pengine chuma chako chote kinatokea huko, na hapo itabidi atibu na chanzo.

Akikuandikia vidonge vya chuma, mimi nilielekezwa nimeze siku moja, niruke siku moja, maana mwili unafyonza vizuri zaidi ukipumzishwa. Nimeze tumbo likiwa tupu, na chungwa. Machungwa ya Muheza yamejaa hapa, hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni chai. Chai ya rangi ukiinywa pamoja na kidonge au na chakula inazuia chuma kuingia, na wewe na mimi tumekulia kwenye chai. Isogeze mbali, kunywa saa nyingine. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Ila usinunue vidonge hivyo dukani kabla ya kupima, kwa sababu chuma kikizidi nacho kinadhuru. Tena hakifanyi kazi kwa wiki moja. Mimi nilihesabu kwa miezi.

Pramipeksoli tuliipunguza kidogo kidogo, gabapentini ikiingia taratibu baada ya figo kupimwa. Sitakuficha, kipindi kile cha kupunguza kilikuwa kigumu kuliko vyote. Mwili unaidai ile dawa. Jasho, huzuni isiyo na sababu, usiku mzima sipati lepe la usingizi, na wasiwasi wa kutaka kukimbia nyumba. Ndiyo maana nakukataza kuiacha mwenyewe. Ukipunguziwa na mtu anayejua, unaambiwa mapema kwamba usiku fulani utakuwa mbaya, na usiku mbaya uliotabiriwa unavumilika. Gabapentini nayo ina mambo yake, asubuhi za mwanzo nilikuwa natembea nashika ukuta kwa kizunguzungu. Ilipungua.

Sasa huo wasiwasi wako, ambao naona unauonea aibu. Hofu ya usiku, mwenzangu, ni ugonjwa wa pili uliopanda mgongoni mwa wa kwanza, na unataka matibabu yake. Miguu yangu ilipoanza kutulia mimi bado nilikuwa silali, kwa kuwa mwili ulishajifunza kwamba kitanda ni mahali pa mateso. Giza likiingia tu kifua kinabana. Nalala huku nimejikaza nikisubiri mguu uanze, na mtu aliyejikaza halali hata kama mguu haukuanza.

Kilichonisaidia zaidi ni jambo lililonikera nilipoambiwa: usilale kitandani ukiwa macho. Ukiona umekaa sana na usingizi hauji, inuka, toka chumbani. Mimi nilitandika mkeka sebuleni, taa hafifu, nikikanda miguu kwa mafuta ya nazi au nikiimwagia maji ya baridi uani, kisha nadhukuru taratibu na pumzi, natoa pumzi ndefu kuliko ninayoingiza. Nikisinzia ndiyo narudi. Saa ya ukutani niliitoa chumbani na simu ikalala jikoni, kwa maana kila nilipotazama saa nilianza hesabu ya zilizobaki, na hesabu ile ndiyo ilikuwa inanipandisha moyo. Kuamka nako ni saa ileile kila siku, hata kama nimelala alfajiri. Nilishika adhana, nikiswali situpi tena mwili kitandani, natoka barazani jua linichome. Siku za mwanzo unachoka mno, na kwa huo uchovu usiwe juu ya jiko la mkaa peke yako. Baadaye usingizi unaanza kujivuta wenyewe usiku.

Jingine ni kuyapa mawazo saa yake. Baada ya alasiri nilikaa na daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, nikaandika kila kinachonitisha: ada, kodi ya fremu, ugonjwa, itakuwaje nikizeeka hivi. Pembeni naandika nitakachofanya kesho kuhusu hilo, hata kama ni kumpigia mtu simu tu. Yakija usiku nayaambia yameshaandikwa. Si kila usiku yanasikia. Lakini yanapungua makali.

Na waambie watu wa nyumbani. Baba Zuhura asidhani unamkimbia ukihamia sebuleni. Mkalishe mchana, mweleze ugonjwa unaitwaje na unafanyaje. Wangu nilipomweleza aliacha kuniuliza "umeanza tena?" na lile swali lilikuwa linaniumiza kuliko miguu.

Umeniambia wifi yako anasema ni jini na anataka ukasomewe. Kisomo ni heri, kasomewe, mimi pia nilisomewa na nilipata utulivu wa moyo. Lakini usiache hospitali. Ugonjwa huu una historia ndefu. Mganga wa Kiingereza, Thomas Willis, aliuandika mwaka 1672, akasema wagonjwa wake hawawezi kulala, ni kama wamewekwa mahali pa mateso makubwa. Mwaka 1945 daktari wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, akaueleza kwa kirefu, ndiyo maana wengine wanauita kwa jina lake. Niliposoma hayo nililia. Watu wa zaidi ya miaka 300 iliyopita, nchi ambayo sitafika, walikuwa wanatembea chumbani usiku kama mimi.

Kuna dawa nyingine za kuzijua. Usinunue Piriton ili ikuletee usingizi, wala dawa za mafua zenye kitu cha aina hiyo. Zinasinzisha kichwa na kuichochea miguu. Kichefuchefu ambacho pramipeksoli inakuletea, ukipewa metoklopramidi kwa ajili yake, sema una ugonjwa wa miguu, kwa kuwa inaizuia dopamini hiyohiyo unayoitafuta. Na amitriptilini, ambayo wengi huandikiwa kwa usingizi na wasiwasi, kwa wengi wetu inazidisha. Si kwamba wasiwasi usitibiwe. Daktari akijua yote mawili atachagua inayofaa, ila ni lazima ajue, na mara nyingi anayetibu wasiwasi hajaambiwa habari ya miguu.

Kahawa acha kwanza, angalau kuanzia mchana.

La mwisho kuhusu dawa, na hili nakuuliza kwa upendo. Umesema mwezi huu umenunua vitenge visivyo na mpango, na umeanza ile michezo ya bahati nasibu ya kwenye simu. Pramipeksoli inaweza kumfanya mtu ashindwe kujizuia kununua, kucheza kamari, hata kula. Imeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Kama pesa imepotea huko, usijihukumu na usimfiche daktari. Mtajie pamoja na mikono na alasiri.

Na ikitokea usiku ukawaza kwamba bora usingekuwepo, usikae na wazo hilo peke yako hata kidogo. Mwamshe Baba Zuhura, akupeleke hospitali usiku uleule, kisha nipigie. Saa yoyote. Simu yangu sasa nitaiacha na sauti kubwa, huko huko jikoni nitaisikia.

Nakuomba unitumie picha ya boksi la dawa na karatasi ya vipimo vyako vyote vya mwaka huu, nione kama feritini imo. Haikuwemo, utaomba. Siku ya kliniki niambie mapema, nitamwachia dada kazi ya fremu nije tuingie wote, maana najua ukifika mbele ya daktari unasema "naendelea vizuri" na kuondoka. Nitakuja na machungwa.

Msalimie Zuhura na wadogo zake, na wifi yako pia.

Wako akupendaye,
Mama Nasra