Tunda ni lilelile, Luffy ndiye aliyebadilika

Mpendwa Baraka,

Salamu nyingi. Huku sote wazima. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na bado inanikera pale uliposema kwamba tangu sura ya 1044 ya One Piece, ile katuni ya Kijapani ya Oda, tunda la shujaa wake Luffy lilipofichuka kuwa la Nika, mungu wa jua, jasho lake lote limekuwa bure. Sikubali, kaka.

Kumbuka utoto wake. Tunda la Shetani, lile linalompa mlaji nguvu za ajabu, ameshakula, mwili wa mpira anao, lakini Ace na Sabo, ndugu zake wa kuapizana, ambao wakati ule hawakuwa na tunda lolote, walimchapa kila walipopigana. Kule visiwani Sabaody, kundi lake zima la maharamia lilihema hadi kumwangusha Pacifista mmoja, yaani askari wa mashine. Ndipo haramia mkongwe Rayleigh akamchukua kisiwani, akamfundisha Haki, ambayo humu si uadilifu bali ni nguvu ya nia inayokuzwa kwa mazoezi. Aliporudi baada ya miaka miwili, Pacifista alianguka kwa ngumi moja. Tunda lilikuwa lilelile!

Halafu kuna Koby, ambaye hukumtaja kabisa. Tulimkuta ni mtumishi wa haramia Alvida, analialia, hana tunda wala mwili wa kupigana. Garp, mwanamaji na babu yake Luffy, akamlea kwa mazoezi makali, na Garp mwenyewe hakuwahi kula tunda. Siku Koby alipovunja ule mkono wa mwamba wa haramia Pizarro kule kisiwani Hachinosu, nilisimama na simu mkononi. Yule si mtoto wa unabii. Alijijenga mwenyewe, ngumi baada ya ngumi, na ndiyo maana nampenda kuliko mashujaa wengi wa Oda.

Haki ya kifalme, ile aina adimu inayozimisha watu kwa nia tu, hiyo nakuachia. Mtu huzaliwa nayo, mmoja kati ya mamilioni, na hakuna mazoezi yanayoweza kukupa. Hapo Oda ameweka ukuta, nami unaniuma. Ila hata yenyewe, Luffy aliwaangusha watu kwayo katika vita vya Marineford bila kujua alichofanya. Kuzivisha ngumi zake Haki hiyo alijifunza katika nchi ya Wano, baada ya adui yake Kaido kumlaza chini zaidi ya mara moja.

Na tunda lina deni lake: ukilila, bahari haikutaki tena. Haki huchosha tu, kisha hurudi.

Sasa nijibu hili. Kaido ni mla tunda, tena la joka. Kwa nini basi katika sura ya 1047, wakati Luffy yumo ndani ya nguvu za Nika, Kaido anamkumbusha kwamba Roger, Mfalme wa Maharamia, hakuwa na tunda, na kwamba Haki pekee ndiyo inayopita vyote?

Nasubiri barua yako. Wasalimie nyumbani.

Wako,
Musa