Kasoma miamala yangu mbele ya wifi. Mikeka yake nani anaisoma?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa tisa usiku, usingizi umenikataa, na mwenzangu anakoroma pembeni kama hajafanya kitu. Sitakuzungusha. Mume wangu alichukua simu yangu, namba ya siri anaijua maana mimi sina cha kumficha, akaomba taarifa ya miamala ya miezi mitatu, akaenda kuichapisha steshenari. Jioni wifi yangu alipofika kutoka Mbagala, akaisoma sebuleni mstari kwa mstari. Kwa sauti. "Elfu mbili, saa nne usiku. Elfu tano, saa nne na nusu. Elfu tano tena, saa sita." Binti wa kazi yuko jikoni anaosha vyombo, anasikia. Mwanangu mkubwa amesimama mlangoni. Shangazi, hata mwizi wa kuku husomewa mashtaka yake mbele ya hakimu, siyo mbele ya wifi!

Na ni bingo tu, ile ya kwenye simu. Unanunua kadi, kadi ina namba 15 kwenye mistari mitatu, mashine inatoa mipira ya kuanzia 1 mpaka 90. Anayewahi mstari mmoja anapata kidogo, mistari miwili anapata zaidi, anayejaza kadi nzima ndiye anabeba ile kubwa. Sikukurupuka. Niliangalia kwanza kama kampuni ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na miaka 18 niliivuka zamani. Na nilikuwa na utaratibu wangu: elfu kumi kwa wiki, basi. Kwenye akaunti kuna sehemu ya kujiwekea kikomo, nikakiweka mwenyewe bila kushikwa mkono na mtu. Ukifika hapo, pesa haiingii tena mpaka Jumatatu.

Sasa niulizie, mkeka wa mume wangu, ile tiketi ya kubashiri mechi, una kikomo gani? Ijumaa mpaka Jumapili ni ligi ya Uingereza, ya Hispania, na nyingine za nchi ambazo hata hajui ziko upande gani wa dunia. Timu kumi na tano kwenye mkeka mmoja. Timu moja ikichana, ananuna, chakula hali, watoto hawaruhusiwi kucheka. Hiyo yeye anaiita uchambuzi. Mimi nikigusa kadi ya shilingi 200 nimekuwa mcheza kamari, tena wifi akanitolea na aya ya ulevi na kamari. Nikamuuliza, aya hiyo kaka yako haimhusu? Akasema kaka yake ni mwanaume, anatafuta. Kumbe mimi hii cherehani nimeifungulia fremu pale Tandika nipunge upepo?

Halafu shemeji yangu mdogo, anayesoma uhasibu, naye akaona aonyeshe pesa zetu zimekwenda wapi. Akachukua kalamu. Kadi sita kwa 200 ni 1,200, raundi moja dakika tano, kwa saa ni raundi 12, jumla 14,400. Nikamwambia nani kakwambia mtu anacheza saa nzima bila kunyanyuka? Akanyamaza, akaitazama ile karatasi ya miamala. Kile kitendo cha kuitazama kiliniuma kuliko hesabu yenyewe.

Nimemweleza kwa nini nanunua kadi sita. Ukichukua ukurasa mzima wa kadi sita, namba zote 90 zimo humo, kwa hiyo kila mpira unaotoka unao. Hakuna mpira unaokupita. Yeye anasema hiyo inanifanya nijione niko karibu tu, haina faida nyingine. Kama zimeuzwa kadi 300 na mimi nina sita, nafasi yangu ya kadi nzima ni mbili katika mia, na ukurasa hauongezi hata nukta. Eti raundi inayofuata inaanza upya, mashine haina habari kwamba jana nilibakiza namba moja, na kabla zawadi haijatoka kampuni imeshakata chake. Maneno ya darasani. Angekuwepo juzi akaona nilivyobakiza 47! Namba moja tu, 47, mtu akaniwahi. Ukikaa karibu hivyo, Shangazi, huwezi kuniambia haiji.

Na imewahi kuja, hilo karatasi yake haikusema. Nilijaza kadi nzima nikapata 96,000, kodi ya serikali ikakatwa, iliyobaki nikanunua sare za watoto na umeme wa LUKU. Hakuna aliyeuliza sare zimetoka wapi. Jumla aliyoitangaza mume wangu kwa dada yake ilikuwa ya pesa zilizotoka peke yake. Nilipomwambia asome na zilizoingia akasema "tumeelewa". Wameelewa nini?

Kuhusu kikomo, maana najua utauliza. Kile cha elfu kumi nilikiweka wakati bado sijaujua mchezo. Kwa ukurasa wa 1,200 hizo ni raundi nane, dakika arobaini, umemaliza wiki. Ndiyo maana nikafungua akaunti nyingine kwa kampuni ya pili. Kikomo cha kwanza kipo palepale, sijakigusa mpaka leo. Kule kwa pili ukiweka elfu kumi wanakuongezea elfu kumi ya bonasi, ila huwezi kuitoa mpaka uizungushe, yaani uichezee, mara kadhaa. Sasa hivi nina 38,000, zinaonekana kabisa kwenye skrini, zinasubiri nimalize kuzungusha. Mume wangu anasema hizo siyo pesa, ni picha ya pesa. Yeye picha zake za mikeka ya timu kumi na tano nimewahi kuzicheka mbele ya dada yake?

Kuna kitufe pia cha kujifungia akaunti miezi sita. Nilikuwa nakibonyeza juzi, wallahi. Lakini nikijifungia naogopa hizo 38,000 zitapotea, kwa hiyo nasubiri kwanza.

Jambo jingine ni dogo, nalitaja ili uwe na picha kamili. Mimi ndiye kijumbe, yaani mkusanya pesa, wa mchezo wetu wa kupeana pesa kwa zamu pale sokoni. Tuko kumi, elfu mbili kila siku, kila Jumamosi mmoja anapokea 140,000. Pesa zinakaa kwangu kwenye laini yangu ya pili, ile ambayo mume wangu hakuisoma kwa sababu hajui kama inatumika. Jumamosi iliyopita zamu ilikuwa ya mama mmoja wa maandazi. Nimempa 55,000, nikamwambia nyingine mtandao unasumbua, asubiri kidogo. Sikuiba, Shangazi, pesa imezunguka tu, na ile 38,000 ikitoka tayari ni karibu nusu ya deni. Tena zamu yangu mwenyewe ni mwezi ujao, nafikiria kumpa yule mama zamu yangu hesabu ikae sawa. Ila nikifanya hivyo wenzangu watauliza kwa nini kijumbe anaruka zamu yake, na yule mama kila akipita kwenye fremu anauliza kama mtandao umerudi. Anauliza kwa upole kweli, unga wa maandazi anakopa. Sasa nianze na nani, kina mama wale au mume? Nikianza na mume, laini ya pili nayo itapelekwa steshenari. Nikianza na kina mama, soko zima la Tandika litajua kabla ya adhuhuri, naye atasikia kwa watu.

Lakini linaloniuma siyo hilo. Linaloniuma ni kusomwa. Angeniita chumbani akaniuliza, ningemwambia. Labda siyo kila kitu, ila ningemwambia. Miaka yote hii napika, nashona, nachangia kodi ya nyumba miezi sita mbele, sijawahi kumwomba mikeka yake niisome. Siku alipochana mkeka alioununua kwa pesa ya bodaboda ya mdogo wake, nani aliitwa sebuleni? Mimi ndiye niliyemfichia, nikasema pesa imeenda hospitali.

Nimeamua kuacha. Yaani siyo kuacha kabisa, kupunguza, nirudi kwenye elfu kumi zangu na kadi mojamoja, nicheze Jumapili tu watoto wakiwa wamelala. Nataka uniambie kama mtu anaweza kufanya hivyo baada ya kuzoea ukurasa mzima, maana nilijaribu kadi moja nikaona mipira inapita tu na mimi sina namba, nikaongeza. Na uniambie ni vipi nitamfanya mume wangu aniombe radhi mbele ya wifi, palepale sebuleni alipoisomea ile karatasi. Mshenga wetu amekuwa mzee, sitaki kumsumbua.

Usinijibu kwamba niache moja kwa moja, hilo wifi ameshalisema. Na kama utaweza, nijibu kabla ya Jumamosi. Kule juu nimetaja Tandika na maandazi, tafadhali viondoe, andika Dar tu.

Mama Watoto, Dar es Salaam